Thamani ya p au masafa ya uhakika: ipi ikuambie kama ni bahati nasibu tu?

Tafiti mbili ziliuliza swali moja: je, watu wanaotumia dawa fulani za kutuliza maumivu na uvimbe hupata zaidi ugonjwa wa mapigo ya moyo kwenda ovyo? Wa kwanza ulikuta watumiaji wana hatari kubwa zaidi kwa asilimia 20. Wa pili nao ukakuta asilimia 20 ile ile. Mtu angedhani watafiti hawa wangepeana mikono. Lakini wale wa pili waliandika kwamba dawa hizo hazihusiani na ugonjwa huo, tena matokeo yao yanapingana na ya wenzao waliotangulia. Kisa ni kwamba thamani ya p ya utafiti wa kwanza ilikuwa 0.0003 na ya wa pili 0.091. Mstari uliochorwa kwenye 0.05, ambao kwa desturi aliye chini yake huambiwa matokeo yake ni "muhimu kitakwimu", ulipita katikati yao, huyu akabaki huku na yule kule.

Mfano huu ulitumiwa mwaka 2019 na Valentin Amrhein, Sander Greenland na Blake McShane kwenye jarida la Nature, katika makala iliyotiwa saini za kuiunga mkono na zaidi ya watu 800. Sasa tazama tafiti hizo hizo kwa jicho la pili. Masafa ya uhakika ya utafiti wa kwanza, yaani majibu yanayopatana na data zake, yalianzia ongezeko la asilimia 9 yakaishia ongezeko la asilimia 33. Ya wa pili yalianzia pungufu la asilimia 3 yakafika ongezeko la asilimia 48. Chora mistari hiyo miwili kwenye karatasi. Mstari wa kwanza wote unalala ndani ya wa pili, na katikati yao ni pale pale. Tofauti ni kwamba mmoja ulikuwa na data nyingi na mwingine kidogo. Hakuna ugomvi hapo.

Kila ripoti ya afya inayosema "kitu fulani huongeza ugonjwa fulani" lazima ipite kwenye lango hili: je, tofauti iliyoonekana ingeweza kuletwa na bahati nasibu peke yake? Vyombo vya kulijibu swali hilo ni hivi viwili, na watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa afya ya jamii wanaoniletea majedwali yao, hushika kimoja bila kujua kwa nini wamekiacha kingine. Mimi nina upande wangu, nao utauona, lakini kila chombo kina mahali pake.

Kila kimoja kinasema nini hasa

Thamani ya p, ambayo darasani wengi huiita tu "pivalyu", hujibu swali jembamba sana: ikiwa hakuna uhusiano wowote, na mengine yote katika utafiti yamekaa sawa, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi?

Rusha sarafu mara tano. Ikitua upande wa kichwa mara zote tano, jambo hilo kwa sarafu isiyo na hila hutokea mara 1 katika 32, yaani 0.031. Iko chini ya 0.05. Je, sarafu ina hila? Kama ni chenji uliyorudishiwa dukani sasa hivi, utacheka na kuendelea na safari yako. Kama ni sarafu ya yule mcheza karata tatu wa stendi, utashika mfuko wako. Hesabu ni ile ile, 0.031 kwa 0.031, lakini wewe umefikia hukumu mbili. Ndiyo maana si sahihi kusema "p ni 0.03, kwa hiyo kuna uwezekano wa asilimia 3 tu kwamba ni bahati". Namba hiyo imepigwa kwa kudhani kuwa ni bahati. Haiwezi tena kugeuka kuwa uwezekano wa dhana hiyo hiyo.

Masafa ya uhakika (tafsiri za kompyuta hupenda kuyaita "muda wa kujiamini", utadhani ni somo la wenye haya) hujibu swali pana zaidi: ni majibu gani yanayopatana na data hizi? Ukiambiwa hatari imepungua hadi 0.58 ya ile ya kundi linganishi, masafa 0.42 hadi 0.79, maana yake data zinakubaliana vizuri na punguzo la asilimia 58, zinakubaliana na la asilimia 21, na zinakubaliana zaidi na yaliyo karibu na katikati. Hiyo "95%" inayotajwa pamoja nayo ni sifa ya njia ya kupima: ukiitumia njia hiyo mara nyingi, masafa 95 kati ya 100 yatakuwa yameunasa ukweli. Haya uliyonayo mkononi yanaweza kuwa katika yale matano yaliyoukosa, wala hayana alama ya kukujulisha.

Waasisi wake hawakupendana. Ronald Fisher ndiye aliyeieneza desturi ya 0.05 kupitia kitabu chake cha mwaka 1925, na Jerzy Neyman akatoa nadharia ya masafa mwaka 1937. Walirushiana maneno makali kwa miaka, na wanafunzi wa leo hufundishwa mchanganyiko wa fikra zao kana kwamba ni mawazo ya mtu mmoja.

Jedwali moja, safu mbili

Hizi ni tafiti sita kuhusu maambukizi ya VVU, nyingi zikiwa za pande zetu. Uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti, na chini ya 1 maana yake maambukizi yalipungua.

| Utafiti | Uwiano wa hatari | Masafa ya uhakika (95%) | Thamani ya p |
|---|---|---|---|
| Tiba bora ya magonjwa ya zinaa vituoni, Mwanza (1995) | 0.58 | 0.42–0.79 | 0.007 |
| Dawa za magonjwa ya zinaa kwa jamii nzima, Rakai, Uganda (1999) | 0.97 | 0.81–1.16 | juu ya 0.05 |
| Tohara, Orange Farm, Afrika Kusini (2005) | 0.40 | 0.24–0.68 | chini ya 0.001 |
| Tohara, Kisumu (2007) | 0.47 | 0.28–0.78 | 0.0065 |
| Tohara, Rakai (2007) | 0.49 | 0.28–0.84 | 0.006 |
| Chanjo ya VVU, Thailand (2009) | 0.69 | 0.48–0.99 | 0.04 |

Ziba safu ya masafa kwa kiganja, usome safu ya p peke yake. Mwanza 0.007, Kisumu 0.0065, Rakai ya tohara 0.006. Namba tatu zinazokaribia kuwa sawa, wakati moja inahusu mafunzo ya watoa huduma na dawa za kisonono na kaswende katika vituo vya afya, na mbili zinahusu kisu cha ngariba wa hospitali. Hujui nani kapunguza maambukizi kwa kiasi gani. Hujui hata kama yamepungua au yameongezeka, kwa sababu p haina mwelekeo.

Sasa ziba safu ya p. Tohara: 0.24 hadi 0.68, 0.28 hadi 0.78, 0.28 hadi 0.84. Miji na vijiji tofauti, watafiti tofauti, na masafa yamelaliana kama mikeka iliyokunjwa. Hapo ndipo ushahidi wa tohara ulipopata nguvu, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo wa 2007. Makubaliano hayo hayasomeki kwenye safu ya p.

Tazama pia mstari wa Rakai wa 1999. Kwa msomaji wa p, ule ni utafiti uliofeli: haukuvuka mstari. Kwa msomaji wa masafa, umesema jambo zito. Masafa yake ni membamba, 0.81 hadi 1.16, na kwa hiyo punguzo kubwa la asilimia 40 hivi halipatani kabisa na data hizo. Linganisha na ule utafiti wa pili wa dawa za maumivu nilioanza nao, ambao masafa yake yalisambaa kutoka faida kidogo hadi madhara makubwa. Zote mbili p yake iko juu ya 0.05. Mmoja umesema "tumetazama vizuri, hakuna kitu kikubwa hapa". Mwingine umesema "bado hatuoni vizuri". Mtu anayeandika "hakuna uhusiano" kwa zote mbili anazichanganya kauli hizo. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya niegemee masafa, na kama ingekuwa peke yake ingetosha.

Watu saba wa Thailand

Mstari wa mwisho wa jedwali una hadithi yake. Jaribio lile, liitwalo RV144, lilikuwa na watu 16,402. Matokeo yalipotangazwa Septemba 2009, dunia nzima iliandika kwamba kwa mara ya kwanza chanjo imezuia VVU: ufanisi asilimia 31.2, p 0.04. Kisha uchambuzi mwingine wa jaribio hilo hilo ukajitokeza. Ukiwahesabu wote walioandikishwa, ufanisi ni asilimia 26.4 na p ni 0.08. Ukiwahesabu tu waliofuata ratiba yote ya sindano, ufanisi ni asilimia 26.2 na p ni 0.16. Walioshangilia wakaanza kununa, na wengine wakahisi wamedanganywa.

Kati ya hesabu ya 0.04 na ya 0.08 kulikuwa na watu saba: watano wa kundi la chanjo na wawili wa kundi linganishi, waliogundulika kuwa walikuwa tayari na virusi kabla ya sindano ya kwanza. Kuwatoa ni busara, maana chanjo haimkingi mtu aliyekwisha kuambukizwa. Lakini tazama jinsi mstari wa 0.05 unavyofanya watu saba kati ya 16,402 waamue kichwa cha habari.

Masafa ya hesabu zote tatu: kutoka asilimia 1.1 hadi 52.1, kutoka −4.0 hadi 47.9, kutoka −13.3 hadi 51.9. Aliyeyasoma haya tangu siku ya kwanza hakushangilia sana wala hakununa baadaye. Kila mara yanasema kitu kimoja: huenda kuna kinga ya wastani, huenda hakuna chochote, na kinga kubwa inayozidi asilimia 60 haimo. Chanjo ya aina hiyo ilirekebishwa na kujaribiwa tena Afrika Kusini kwa watu 5,407, na jaribio likasimamishwa mapema mwaka 2020: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa wasiochanjwa.

Hapa nampa p haki yake

Kuna kazi ambayo masafa huifanya vibaya, nayo ni kulinda mlango wakati watu ni wengi.

Rudi kwenye sarafu. Wape wanafunzi 40 wa darasa moja kila mmoja arushe mara tano. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atapata vichwa vitano mfululizo ni takriban asilimia 72. Atakuwepo, na atajiona ana mkono wa ajabu. Vivyo hivyo ukipima vihatarishi 20 visivyohusika kabisa na ugonjwa, kwa mstari wa 0.05, uwezekano wa angalau kimoja "kuonekana" ni takriban asilimia 64. Dodoso zetu nyingi zina maswali zaidi ya 20: umri, elimu, chanzo cha maji, aina ya choo, kuni au mkaa, kunyonyesha, chandarua. Mwanafunzi hupitisha yote kwenye programu ya kompyuta, kimoja kinatoka na p 0.03, na sura nzima ya mjadala inajengwa juu yake. Vile vingine 19 hujificha kwenye kiambatisho.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa ISIS-2, jaribio la mwaka 1988 lililohusisha wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo. Aspirini iliokoa maisha, p ikiwa chini ya 0.00001. Watafiti walipoombwa kuwagawa wagonjwa katika vikundi vidogo vidogo, walikubali, lakini wakaongeza na mgawanyo wa nyota za kuzaliwa. Ikatokea kwamba kwa waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani, aspirini haikufaa kitu, tena ilielekea kudhuru kidogo. Hakuna daktari aliyeacha kuwapa Mapacha aspirini. Mzaha ule ulikuwa somo kwa wote wanaokata data hadi zitoe damu.

Masafa hayakuokoi hapo kwa urahisi. Kila kikundi kitakuwa na masafa yake, nayo yatakaa upande mmoja wa 1 kwa bahati mbaya kama vile p inavyoshuka chini ya 0.05. Kwa upande wa p kuna njia zilizozoeleka za kuukaza mlango. Wachunguzi wa vinasaba, wanaopima mamia ya maelfu ya alama kwenye damu kwa mpigo mmoja, hawatumii 0.05 bali 0.00000005. Tangu walipokaza namna hiyo, matokeo yao mengi yamekuwa yakirudiwa na wengine na kusimama. Kama kazi yako ni chujio, yaani kuchagua machache ya kufuatilia kutoka kwenye rundo, chukua p, na ukaze mlango kulingana na ukubwa wa rundo.

Watoto 22

Kisa ambacho nadhani kila mzazi wa Afrika Mashariki angestahili kukielewa ni cha chanjo ya malaria ya RTS,S. Hiki kinavipima vyombo vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kinachotoka bila mchubuko.

Jaribio kubwa la chanjo hiyo lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Watoto wa miezi 5 hadi 17 walikuwa 8,922, wamegawanywa mafungu matatu sawa: mawili yakapata RTS,S, moja likapata chanjo ya kichaa cha mbwa kama linganishi. Chanjo ilipunguza malaria. Lakini katika orodha ya magonjwa mengine yaliyojitokeza, homa ya uti wa mgongo ilikuwa imekaa vibaya: watoto 21 katika mafungu mawili ya RTS,S, mtoto 1 katika fungu linganishi.

Tupige hesabu. Kama chanjo haihusiki, kila mgonjwa ana nafasi mbili kwa tatu za kutokea upande wa RTS,S, kwa kuwa ndiko waliko watoto wawili kati ya watatu. Wagonjwa 22 kugawanyika 21 kwa 1, au 22 kwa 0, kwa bahati peke yake, ni takriban 0.0016. Chini ya mstari, tena mbali. Uwiano wa hatari ni 10.5. Kichwa cha habari kingejiandika chenyewe: chanjo yaongeza uti wa mgongo mara kumi.

Masafa yake ni 1.4 hadi 78. Soma hayo polepole. Data zinapatana na ongezeko la asilimia 40 na zinapatana na ongezeko la mara 78. Masafa mapana hivyo ni sawa na shahidi anayesema mwizi alikuwa na urefu kati ya mbuzi na twiga. Na upana huo wote umetokana na yule mtoto mmoja wa kundi linganishi. Wangekuwa wanne, uwiano ungeshuka hadi karibu 2.6. Hapo p ilikuwa inapiga kelele na masafa yakinong'ona "msinitegemee", na ni masafa yaliyokuwa na adabu.

Kulikuwa na mambo mengine ya kupima ambayo hayamo katika chombo chochote kati ya hivi viwili. Wagonjwa wa uti wa mgongo hawakujikusanya siku au wiki fulani baada ya sindano, na vijidudu vilivyosababisha vilikuwa vya aina tofauti. Upande wa pili, hakuna mtu mwenye akili timamu angesema "ni bahati tu, tuendelee". Kulikuwa pia na maswali juu ya malaria ya ubongo, na juu ya vifo vya wasichana. Shirika la Afya Duniani halikuikubali chanjo moja kwa moja wala halikuitupa. Liliamua iingizwe kwa majaribio katika Malawi, Ghana na Kenya, maeneo mengine yakianza mapema na mengine yakisubiri kwa kura, huku hospitali zikihesabu. Kenya ilianza Homa Bay Septemba 2019.

Mwaka 2021, baada ya watoto zaidi ya 800,000 kupata chanjo, jibu la uti wa mgongo lilitoka: uwiano 0.81, masafa 0.43 hadi 1.55. Tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa.

Msomaji wa p peke yake anabaki kichwa chini: mara ya kwanza "kuna uhusiano", mara ya pili "hakuna uhusiano", basi wanasayansi wanatuchezea. Weka masafa mawili kwenye mstari mmoja. Ya kwanza yanaanzia 1.4, ya pili yanaishia 1.55. Yanagusana kwenye ncha tu, kwenye kipande chembamba ambacho bado kingemaanisha ongezeko la asilimia 40 hadi 55. Ile mara kumi imeondoka kabisa. Kuna kasoro moja ya kuitaja: hesabu ya pili ililinganisha maeneo, na si kila mtoto wa eneo lililopata chanjo alichanjwa, kwa hiyo athari kama ingekuwepo ingeonekana imefifia. Hata ukiikuza kwa sababu hiyo, kuifikisha kumi ni kazi ya kuvuta meli kwa kamba ya kiatu.

Pale zote mbili zinaponyamaza

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha takwimu za wagonjwa wa hospitali za London. Wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta sigara kati yao walikuwa 2. Wanaume 649 wenye magonjwa mengine, wasiovuta walikuwa 27. Waliandika p yao: 0.00000064. Nimezipiga namba hizo upya kwa uwiano, napata 14, masafa 3.3 hadi 59, mapana kwa sababu ya wale wawili tu. Kwa vyovyote, bahati nasibu ilikuwa imekwisha kufukuzwa chumbani.

Na aliyeendelea kupinga kwamba sigara ndiyo inayosababisha saratani hiyo alikuwa nani? Ronald Fisher mwenyewe, baba wa 0.05, na mtu wa kiko. Hakudai kwamba ni bahati. Alijua hesabu vizuri mno kudai hivyo. Alidai huenda kuna maumbile ya kurithi yanayomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Alikosea, lakini aina ya pingamizi lake ni halali, na hakuna p wala masafa yanayoweza kuijibu. Vyombo hivi vinapima bahati. Havipimi kigezo kilichojificha nyuma ya pazia, wala wagonjwa waliochaguliwa vibaya, wala dodoso linalomfanya mtu aseme uongo. Na data zikiwa nyingi sana, p inakuwa ndogo sana na masafa yanakuwa membamba sana kuzunguka jibu lisilo sahihi.

Mwanza na Rakai katika jedwali langu ni mfano mwororo wa mahali ambapo kazi ya vyombo hivi inaishia na nyingine inaanza. Masafa ya Mwanza yanaishia 0.79, ya Rakai ya 1999 yanaanzia 0.81. Tafiti mbili za eneo la Ziwa, zote za kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza VVU, na masafa hayagusani. Masafa hapa yamefanya kazi nzuri: yanakuambia acha kuitafuta bahati, tafuta tofauti ya kweli. Watafiti walipotafuta walikuta mengi. Mwanza, tiba ilipatikana kituoni siku zote kwa mwenye dalili. Rakai, dawa ziligawiwa kwa watu wote, wenye dalili na wasio nazo, kila baada ya miezi kumi. Mlipuko wa VVU wa Rakai ulikuwa mkongwe zaidi, na virusi vilikuwa vimekwisha kuenea kwa watu wa kawaida ambao hawakuwa na magonjwa mengi ya zinaa yanayotibika.

Basi uchukue ipi?

Kama ni msomaji wa habari, dai masafa, na udai namba zenyewe zilizo chini ya uwiano. "Mara kumi" ya RTS,S ilikuwa watoto 21 kati ya 5,948 dhidi ya 1 kati ya 2,974. Mwandishi asiyekupa namba hizo hajazisoma.

Kama ni mganga mkuu wa wilaya au mtu wa programu anayeamua kununua au kutonunua kitu, masafa tena, na utazame ncha zake kuliko katikati. Jiulize: ncha dhaifu ingekuwa ndiyo ukweli, bado ningenunua? Tohara ya Rakai kwenye ncha yake dhaifu bado inapunguza asilimia 16. Chanjo ya Thailand kwenye ncha yake dhaifu inapunguza asilimia 1.

Kama unachuja mamia ya dawa na mamia ya magonjwa kwenye sajili ya hospitali, p, ikiwa imekazwa.

Kama unaandika tasnifu, andika vyote viwili, lakini masafa yatangulie na p iandikwe ilivyo, 0.03 au 0.09, si "chini ya 0.05" wala nyota za kupamba jedwali. Taja ulipima vihatarishi vingapi, hata vile vilivyokukatisha tamaa. Na ukiulizwa na mtahini "je, ni muhimu kitakwimu?", kama wanavyopenda kuuliza, mwambie namba, kisha mwonyeshe ncha mbili za masafa na umwulize yeye angefanya nini kama ukweli ungekuwa kwenye ile ya kushoto. Wengine hukasirika. Safu ya p waachie mwishoni kabisa mwa jedwali, mkono wa kulia, watakapoifikia watakuwa wamekwisha kupita kwenye masafa.